Pamba Sikioni mwa Mama Unga

Mama Unga aliijua mashine yake ya kusaga kama mtu anavyomjua mume mkorofi: ikishiba anajua, ikinuna anajua, na chekeche likitoboka analisikia kabla chenga hazijaingia kwenye unga. Lakini sikio lake la kushoto, lile linaloielekea mashine anapomimina nafaka, lilikuwa mwaka wa pili likitoa usaha. Juzi chekeche lilitoboka yeye kasimama pale pale, asisikie kitu.

"Dada, mwisho wa mwezi," tajiri wake, mwenye mashine, akamwambia. "Usiposikia, nitaweka mwingine."

Zahanati ilishampa dawa ya matone mara saba. Mara saba! Na hakuna hata mmoja aliyechungulia ndani. Tochi ya kutazamia masikio haina betri, ndivyo walivyomwambia kila alipouliza.

Safari ya nane alikwenda na betri mkobani.

"Za nini hizi, mama?" tabibu akauliza. Kalamu yake ilikuwa tayari inaandika matone.

"Za tochi yako, mwanangu. Chungulia."

"Foleni ndefu, mama."

"Mimi niko kwenye foleni hiyo miaka miwili. Sitoki."

"Mwangalie huyo mama, nasi tupite!" mtu akadakia mlangoni.

Tabibu akachungulia, shingo upande. Akachukua kikoleo, akavuta taratibu, kikatoka kipande cha pamba cheusi kinachonuka. Mama Unga alikitambua. Wasagaji huziba masikio kwa pamba kukwepa kelele. Siku moja aliivuta ikakatika, akadhani imetoka yote.

"Tulikuwa tunailowesha pamba tu," tabibu akasema, sauti imeshuka. "Ngoma ya sikio imetoboka. Nakuandikia hospitali kubwa. Miadi ni baada ya miezi minne."

"Minne! Kuchungulia tu kumewachukua miaka miwili!"

Alirudi kazini, karatasi ya tabibu mkononi. Tajiri akaisoma karatasi, akaguna. "Pole, dada. Lakini mwezi unaisha wiki ijayo."

Mama Unga akaizunguka mashine iliyokuwa ikinguruma, akasimama upande wa pili, akaitegea sikio la kulia.

"Mkanda unateleza," akasema.

"Mkanda gani? Mbona mimi sisikii kitu?"

"Ndiyo maana nakuambia. Zima, uushike."

Tajiri akazima, akaushika mkanda. Ulikuwa umelegea mkononi mwake kama kamba ya kuanikia nguo.

"Simama huko huko basi, hata mwezi ukiisha," akanung'unika.