Mtungi Uliopoza Kompyuta

Okwara alikuwa amelehemu rejeta za kupozea injini za malori pale Malaba kwa miaka kumi na tisa, na kama kuna kitu alichojidai kukijua, ni joto. Lakini siku ile ya mwaka 1998, alipogusa kadi ya picha ndani ya kompyuta ya Eucabeth, aliruka na kutia kidole mdomoni.

"Haki ya Mungu! Kitu kidogo hivi? Ni kama imetoka kupanda mlima na kontena!"

Eucabeth, mpiga video za harusi, alicheka. Bila kadi hiyo kompyuta haikuonyesha picha, na feni yake ilinguruma hata maneno ya kwenye kaseti hayakusikika.

"Mzee, unaweza kuipoza bila kelele?"

Okwara alikuwa na sababu yake ya kukubali. Mkewe, Ayoo, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Hakuacha picha yoyote, ila kaseti ya harusi ya binti yao, nayo ilikuwa imeota ukungu. Eucabeth alishamwonya kwamba itapita kwenye mashine mara moja tu, kisha itakatika. Mara hiyo moja ndiyo ingeingizwa kwenye kompyuta, na huo ukawa ujira wake.

Basi akatengeneza kirejeta cha shaba kidogo kama kiberiti, akakibana juu ya kadi na kukiunganishia mipira miwili myembamba ya maji. Mmoja ulileta maji kutoka mtungi wa udongo uliokuwa mezani, mwingine ukayatiririsha polepole kwenye ndoo sakafuni. Kila asubuhi Eucabeth alijaza mtungi upya. Feni ikang'olewa, chumba kikawa kimya, na Okwara akajisifu mpaka majirani wakamkimbia. Mwishowe, ili vumbi lisiingie, akaufunika mtungi kwa sahani na kupindua kikombe juu yake, kama Ayoo alivyozoea kufanya nyumbani.

Jumamosi ya kuingiza kaseti, shangazi yake Okwara, Mama Omoding, alifika kutoka kijiji cha Moding na wanawake watatu wa kanisa. Walikuja kumwona Ayoo tena. Walikuwa wametembea juani, na walipouona mtungi wenye kikombe juu, hakuna aliyeuliza. Kwao mtungi wa namna hiyo ni wa mgeni. Wakanywa kimyakimya ili wasisumbue kazi, wakaongeza. Okwara hakugeuka hata mara moja. Macho yake yalikuwa kwenye kioo cha kompyuta, ambako harusi ilikuwa imeanza.

Maji yakashuka chini ya mdomo wa mpira. Feni ingekufa, wote wangesikia. Maji yalikoma bila kusema neno.

Ayoo akatokea, amevaa gauni la gomesi la manjano, mgongo kwa kamera. Okwara akashika ukingo wa meza. Ayoo akaanza kugeuka. Kabla uso haujaonekana, picha ikapasuka vipande vya rangi, kioo kikawa cheusi. Harufu ya kuungua ikajaa chumba.

"Maji!" Okwara alifoka. Akafunua mtungi, akaona udongo mtupu, kisha akaona kikombe mkononi mwa shangazi yake. Damu ilimpanda kichwani. Mwanamke mzima, na macho yake yote mawili! Alitaka kumtukana mbele ya watu.

"Yalikuwa na baridi nzuri, baba," Mama Omoding alisema kwa hofu, bila kujua amekosa nini.

Mashine ya video ilikuwa bado inavuta kaseti. Katika ule utulivu ambao Okwara mwenyewe aliutengeneza, spika zikatoa sauti ya Ayoo, wazi kabisa, yenye ukali wake wa siku zote.

"Wewe Okwara! Umekaa tu, na wageni wako na kiu? Wapatie maji!"

Kisha kaseti ikakatika.

Okwara akaubeba mtungi kwa mikono miwili, akaenda nao bombani.