Mtindi wa Zenabai

Zenabai aliolewa Mombasa, akaingia katika jiko la mama mkwe wake, Rematbai, na humo hakuna alichokipika kikasifiwa. Leo chumvi imezidi, kesho wali umelowa, keshokutwa anashika mwiko kama anachimba choo. Kwa hiyo mumewe Hasham alipopata duka Wajir, Zenabai ndiye aliyetangulia kupanda lori. Majirani walimwonea huruma: visima vya maji ya chumvi, vumbi, fisi! Yeye alicheka moyoni. Fisi hana neno na mapishi ya mtu.

Wajir ikamfundisha kupika upya. Ukwaju ukikosekana, alitia tende na ndimu kavu. Nyama ya ngamia iliingia ndani ya biriani bila kubisha hodi. Na mchuzi wa mtindi na unga wa dengu, ambao kwao Ijumaa haipiti bila huo, aliupika kwa maziwa machachu ya ngamia aliyoletewa na jirani yake Msomali, Ebla. Hasham alikula akalamba vidole, wala hakuuliza.

Miaka ikapita kwa raha. Kisha Rematbai akatuma salamu kwa dereva wa lori. Anakuja. Mwanamke asiyejua kugandisha mtindi hajui kushika nyumba. Akikuta kijiko hakisimami wima ndani ya mtindi wa Zenabai, atawarudisha wote wawili Mombasa, chini ya macho yake. Na Hasham, maskini, hajawahi kumwambia mama yake hapana.

Ukame ulikuwa umewapeleka ng'ombe mbali, na maziwa ya ngamia yana kiburi chake: utayafunika, utayabembeleza, yatachacha tu, kuganda hayagandi. Zenabai aliivika sufuria blanketi la mumewe, Hasham akalala akitetemeka, na asubuhi maziwa yalikuwa majimaji vilevile. Isitoshe, yalinuka moshi, maana Ebla alifukiza chombo chake kwa vijiti vya moto kabla ya kukamulia. Zenabai akamsihi angalau aache kufukiza.

"Habana, abaayo," Ebla akasema, akimwita dada ingawa amenuna. "Chombo bila moshi, maziwa naharibika. Mimi si mtu mchafu."

Zenabai akaomba dua lori liharibike njiani. Halikuharibika. Rematbai alishuka mweupe kwa vumbi, na kabla hata ya kunawa akauliza, "Mtindi uko wapi?"

"Nimeutia wote kwenye mchuzi, Mama. Nilijua una hamu nao."

Bibi akaketi, akaonja. Moyoni Zenabai aliona masanduku yake yameshapakiwa.

"Moshi," Rematbai akasema. "Umetia kaa la moto na samli, ukafunika sufuria! Mama yangu alifanya hivi siku za sikukuu, kule Kachi, Bara Hindi. Mimi nilishindwa na uvivu."

"Najitahidi, Mama," Zenabai akajibu, ameinamisha kichwa kwa adabu kubwa. Hasham akapaliwa.

Njia ya mwongo ni fupi. Bibi alikuwa ameomba bakuli la pili Ebla alipoingia uani na chombo chake, akipaza sauti, "Abaayo! Maziwa ya ngamia hii hapa!"

Rematbai akainuka. Akafunua kifuniko, akanusa, akamtazama mke wa mwanawe. Kisha akamwambia Hasham, "Nenda dukani, kuna mtu anakuita." Hakukuwa na mtu. Hasham akaenda.

"Nilipokuwa bi harusi Mombasa," bibi akanong'ona, "mama mkwe wangu alisifu mchuzi wangu wa dengu mpaka akafa. Ulikuwa na tui la nazi. Nilimwambia ni mtindi wa ng'ombe."

Zenabai akashindwa kujizuia. "Na kijiko, Mama, kilisimama?"

"Nilikishika kwa kidole, ewe mjinga!"

Walicheka mpaka Ebla akaudhika, akidhani wanacheka maziwa yake. Jioni Rematbai akamtangazia mwanawe kwa sauti ya kusikika mtaa mzima kwamba mtindi ameuona na kijiko kimesimama wima, kwa hiyo wakae Wajir.

Siku ya safari alipanda lori peke yake, amepakata chombo cha Ebla kimejaa maziwa, naye alikuwa amekwisha kumwambia dereva kwamba hiyo ni dawa ya tumbo. Zenabai alisimama vumbini akilia waziwazi, akimwomba Mungu lile lori ligome kuwaka.