Wamemvulia Kofia Mume Wangu, Naye Yuko Hai

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana Waswahili wa huku DC tunajuana wote.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na sita, mzaliwa wa Morogoro, naishi Laurel, Maryland, na mume wangu. Binti yetu yuko chuo, jimbo jingine. Mimi nafanya kazi ofisini mchana. Mume wangu anahudumia wazee usiku kule Oxon Hill, na mchana wa siku nyingine anasambaza mizigo. Tunaonana kwenye friji: namwachia wali kwenye kontena, ananirudishia kontena limeoshwa. Si mtu mbaya, nisimsingizie. Ila nyumba yangu ina ukimya ambao hata nikiwasha TV hauondoki.

Mwaka juzi nikiwa kwenye foleni pale Springfield, redio ya gari ikapiga muziki unaoitwa bluegrass. Hauna ngoma hata moja. Ni banjo, fidla, mandolini, gitaa na lile besi kubwa la kusimama nalo. Mwanzoni nilicheka. Halafu wakaimba watatu kwa pamoja, sauti zimebanana, nikapitiliza pa kutokea barabara kuu nikajikuta naelekea Richmond, mji mwingine kabisa.

Tangu siku hiyo nimenogewa jamani. Nikimpenda mpiga mandolini, natafuta bendi aliyotoka, kule namkuta dada yake anaimba, dada naye ananipeleka kwenye bendi nyingine. Kuna bendi moja ya vijana wanne niliwagundua wakipigia watu wachache kwenye ukumbi wa kituo cha zimamoto, nikarudi nyumbani nina furaha kama nimewazaa mimi. Wanne wote wanatumia maikrofoni moja. Anayeimba anasogea, mwenye fidla anaingia, wanapishana bila kugongana, kama watu waliopika miaka mingi kwenye jiko moja dogo.

Sasa furaha hiyo nimwambie nani? Nilimtumia binti yangu video, akajibu, "Mama, that's so random," yaani nimezukia wapi na mambo hayo. Shoga yangu wa Oxon Hill akaniambia, "Shoga, hizo si nyimbo za macowboy? Au umepata mzungu?" Mume wangu alisikiliza wimbo mmoja amefumba macho, nikadhani umemgusa, kumbe kalala.

Hata hivyo alisema tutaenda pamoja. Kiangazi kuna bustani moja Virginia bendi zinapiga kila Jumamosi mchana, kila mtu anakuja na kiti chake cha kukunja. Tukanunua viwili, yeye mwenyewe akachagua kile chenye pa kuwekea kikombe. Jumamosi ya kwanza akasema, "Tangulia, mke wangu, nalala kidogo nakuja."

Kule wana desturi yao: kiti kikiwa kitupu, yeyote anaweza kukikalia mpaka mwenyewe arudi. Mimi nikaona haya kuja kumwinua mtu mzima, mume wangu akifika, basi nikakitandika kanga aliyonipa mama mkwe, kionekane kina mwenyewe. Hakuja. Jumamosi iliyofuata nikatandika tena, hakuja. Nimetandika kiangazi kizima cha mwaka jana, na mwaka huu naendelea. Huwezi kujua, labda leo.

Niliona watu wanakipita kile kiti kwa adabu. Mzee mmoja alikuwa akivua kofia. Bibi mmoja wa kizungu alizoea kuniletea kipande cha pai, akikigusa kiti kidogo kabla ya kuondoka. Nikasema hawa watu wa bluegrass wana heshima kweli.

Mwezi uliopita bibi yule akainama akaniambia, "Mimi mume wangu alifariki mwaka jana. Sikuweza hata kukitazama kiti chake. Wewe una moyo, binti yangu."

Nikaelewa yote kwa mpigo: kumbe wanadhani mimi ni mjane. Nilitaka kumwambia, bibi, wangu yuko Laurel amelala. Badala yake machozi yakanitoka, naye akanikumbatia. Akanishikilia hasa. Sikumbuki nilikumbatiwa lini hivyo mara ya mwisho. Sikumsahihisha.

Wiki iliyofuata walipiga wale vijana wangu wanne. Kabla ya wimbo wa mwisho, mwenye banjo akasema, "Huu ni wa yule mama aliyetupenda kabla hatujajulikana, na wa mwenye kile kiti." Bustani nzima ikasimama. Kofia zikavuliwa. Nililia kama mjane kweli, na Mungu anisamehe, sikuwa naigiza.

Juzi mume wangu kaingia mapema akanikuta naanika ile kanga. Akauliza, "Hii si ya mama? Unaipeleka wapi kila wiki?" Nikamwambia, "Natandika kiti chako." Akaushika upindo wa kanga. Kisha akasema, "Kumbe bado unaniwekea? Nisamehe, mke wangu. Jumamosi hii nimeomba ofu kazini. Nakuja."

Ndugu zangu, miaka miwili nimeomba kusikia neno hilo, na nimelisikia moyo ukanipasuka. Nikimpeleka, atapita mbele ya watu waliomlilia. Yule bibi atanitazamaje? Nikimweleza mume wangu kabla, ataniuliza kwa nini sikuwasahihisha. Jibu ninalo, ila sijui nitalitoaje mdomoni: zile pole zilikuwa zangu, nilizihitaji, na nyumbani hakuna aliyewahi kunipa. Tena nikimzuia safari hii, sidhani kama ataniomba tena kuja.

Msinicheke. Jumamosi ni keshokutwa, naye tangu jana ananiulizia kiti chake chenye pa kuwekea kikombe. Niambieni, nipakie viti viwili au kimoja?