Jani la sale kwenye kaunta ya maji

Juzi, katika ofisi moja ya maji hapa Moshi, mbele yangu alisimama mwalimu mstaafu wa Masama, aliyewahi kuwekwa ndani kwa kuandika kwamba maji ya mlima hayana mwenyewe.

"Shikamoo babu," dada karani akamwambia. "Hamna kibali. Mfereji wenu tunaufunga, maji yanakwenda hotelini."

"Mfereji waliouchimba babu zetu?"

"Ndiyo sheria, babu."

Mzee akaweka juu ya fomu jani la sale, ambalo Mchagga humpelekea mtu aliyemkosea ili kuomba msamaha.

Yule dada akalainika. "Kumbe unaomba radhi?"

"Mimi? Nimekuletea wewe. Migomba ya mama yako kwenye mfereji huohuo ikikauka, usiende kwake mikono mitupu."

Waliosaini amri ile, jani moja haliwatoshi. Wakate uzio mzima wa masale.