Bibi Kreszentia Aliyetaka Kutembea Peke Yake

Msimu wa dansi wa mwaka 1888, mjini Graz, Bibi Kreszentia von Thurnegg alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, na kila alikokwenda, mama yangu alimfuata nyuma. Mama alikuwa mshonaji wa nyumbani kwao, na miguu yake ilikuwa mibovu; lakini binti wa kabaila asiyeolewa hakuruhusiwa kuvuka hata barabara bila mtu mzima wa kumsindikiza. Basi walikwenda kanisani, wakapitia duka la kofia, wakarudi, mama akivilaani viatu vyake kwa sauti ya mtu anayesali.

Miaka kumi ikapita hivyo. Wachumba walikuja, wakala keki, wakaaga.

"Shangazi, nimechoka kuswagwa kama mbuzi wa mnada," Kreszentia alimwambia Shangazi Walburga, aliyemlea.

"Mbuzi wa mnada hupata mnunuzi, mwanangu."

Tumaini lilibaki moja: nyumba ya mabinti wa kikabaila wasioolewa. Hawakuwa masista. Aliyepokelewa huko alivaa msalaba kifuani na kuhesabiwa sawa na mke wa mtu, hivyo aliweza kutoka bila msindikizaji. Lakini mlango ulikuwa mwembamba. Mwombaji alipaswa kuthibitisha kwamba wazee wake wote kumi na sita wa kizazi cha nne kabla yake walikuwa makabaila. Kreszentia aliwapata kumi na watano. Wa kumi na sita, Rosina, alikuwa binti wa msaga unga.

"Andika kwamba alizaliwa ngomeni, kwa makabaila," Shangazi akashauri. "Wafu hawaitwi mahakamani."

"Nikiingia kwa uongo, Shangazi, nitatembea peke yangu huku nikigeuka nyuma."

Akaandika ukweli, akaupeleka kwa Mama Mkuu wa nyumba ile, Ottilie, mzee wa miaka sabini na mitano, mama yangu akichechemea nyuma. Mama Mkuu alisoma, akavua miwani.

"Huyu Rosina, alikuwa na mtoto aitwaye Leopold?"

"Ndiyo, Mama Mkuu. Wa tano."

"Leopold ni babu yangu mimi! Kumbe! Sisi tuliambiwa Rosina katoka ngomeni." Akacheka mpaka msalaba ukamrukaruka kifuani. "Nikikufukuza wewe, nami nifungashe virago. Na hawa binamu zangu wanne waliomo humu je?"

Akagonga mhuri.

"Na hilo neno la msaga unga, Mama Mkuu?"

"Liache hapohapo, mwanangu. Limetuzaa sote."

Jumatatu iliyofuata Kreszentia akatoka peke yake kwa mara ya kwanza maishani. Alipotea kabla hajafika mtaa wa tatu, kwa kuwa miaka yote ile aliyeijua njia alikuwa mama yangu. Akarejeshwa na mwanamke mmoja muuza kabichi. Mama yangu alipopata habari alicheka peke yake, miguu ndani ya beseni la maji ya moto.

Baada ya vita kuu vyeo vyote vya kikabaila vilifutwa kwa sheria, Kreszentia akaendelea na matembezi yake. Mara ya mwisho alionekana asubuhi ya tarehe 3 Mei 1920, akivuka daraja la mto Mur peke yake, kuelekea kituo cha treni.