Mikadi ya Eidumwa

Eidumwa aliendesha tingatinga kwenye machimbo ya fosfeti ya kilimani, kisiwani Nauru, mpaka fosfeti ikaisha. Kampuni ilifungwa, wageni wakaondoka, na shamba la mama yake, lililochimbwa lote, likabaki mawe yaliyochongoka. Akaanza kubeba udongo mgongoni, akaumwaga kati ya mawe, akapanda mikadi, miti ya kisiwani yenye matunda matamu ya kunyonywa.

"Shemeji, umepagawa? Humo hata mjusi hakai!" alimcheka Bwaido, mume wa dada yake.

"Mgodi ndio umekwisha, shemeji. Mimi bado nipo."

Miaka ikapita, mikadi ikazaa. Bwaido akapanda kilimani, akanyonya tunda mpaka utamu ukamchuruzika kidevuni.

"Nipe jingine, basi."

Eidumwa akacheka, akawaita majirani wote. Siku hiyo walikula, wakashiba, wakaimba palepale kwenye machimbo.