Mshale Ulionishika Kutoka Lubumbashi

TANGAZO KWA WATU WOTE.

Mimi, Jérémie Kisimba, mwanafunzi wa darasa la tano sekondari, sayansi, mkaaji wa interna, bweni la shule, mtaalamu wa ordinatere, yaani kompyuta, asiye na diploma lakini mwenye kipaji, ninawatangazia wakaaji wa Kalemie, wa Mpala, wa Moba na wa vijiji vyote vinavyokunywa maji ya ziwa letu, kwamba siku ya Ijumaa niliokoa wafinalisti watatu, wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa shule yetu.

Ninaliandika tangazo hili nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nyuma ya vyoo vya interna, kwa simu ya kuazima.

Fagio liko katikati ya magoti yangu. Mtaelewa.

Siku hiyo, saa sita kasoro kumi mchana, ordinatere ya sekretaria ilianza kuandika peke yake.

Hapakuwa na mkono wowote kwenye klaviye. Herufi zilitoka moja moja, polepole, kama mzee anayeshuka ngazi.

Na zilikuwa zinanisema mimi.

Lakini kwanza niwaeleze ule uchafu wenyewe.

Majina ya wanafunzi wetu hayakai Kalemie. Yanakaa Lubumbashi, ndani ya ordinatere moja ya wafurera, watawa wanaosimamia shule. Mama Générose, sekretere wetu, anafungua dirisha kwenye mashine yake, na ndani ya dirisha hilo anaiona skrini ya Lubumbashi. Akisogeza kipanya hapa, mshale unatembea kule.

Ukielezwa hivyo unaona ni maajabu. Ukifanya kazi nayo, unataka kutapika.

Kila kitu kiko mara mbili. Vitufe viwili vya kuanzia, kimoja juu ya kichwa cha kingine. Mapipa mawili ya takataka. Misalaba miwili ya kufunga: mmoja unakutoa Lubumbashi, mwingine unakufungia kazi ambayo hujaihifadhi. Inafanana kabisa. Aliyeipanga hivyo ana roho mbaya, na ninasema hivyo nikiwa nimetulia.

Siku moja Mama Générose alitaka kuzima mashine yake aende kula. Akazima ya Lubumbashi. Furera Prospère, mzee wa miaka sabini, mwalimu wa Kilatini anayekaa na mashine ile ofisini mwake, aliona skrini inaingia giza akadhani ni macho yake yamekufa. Alikuwa tayari anatafuta fimbo ya kutembelea.

Ukichapisha karatasi, inatoka kule. Klaviye nayo haielewani na mwenzake: ukibonyeza A inatoka Q, ukibonyeza M inatoka nukta-mkato. Mama Générose amebandika ukutani karatasi ya kufasiria, kama mtu anayejifunza lugha ya mashetani.

Na dirisha lenyewe ni dogo kuliko skrini ya kule, kwa hiyo vitufe vya chini havionekani mpaka uvute mstari wa pembeni. Mistari ya pembeni iko miwili. Ukivuta wa kwanza, wa pili unakimbia.

Halafu mshale unachelewa. Unausogeza, umetulia. Unausogeza tena, umetulia. Ukishakata tamaa ndipo unaruka mara mbili na kubonyeza kile usichokitaka.

Ni kama kula bukari, ugali wetu, kwa mkono wa mtu mwingine. Mtu huyo yuko Lubumbashi, na hujui kama amenawa.

Sasa sikilizeni jambo lenyewe.

Dada yangu mkubwa, Dorothée, yuko darasa la sita. Mwaka jana alikosa Exetat, ule mtihani wa kumaliza sekondari, kwa sababu ya homa ya tifoide. Mwaka huu karatasi yake ya kuzaliwa ilichelewa. Ilifika Alhamisi kwa mtumbwi wa mota kutoka Zongwe, ikinuka ndagala, dagaa wa ziwa letu. Wenzake wawili nao walikuwa wanangojea karatasi, zikafika siku hiyohiyo. Wengine wote walikuwa wamekwisha kuandikishwa.

Orodha ingefungwa Ijumaa, saa sita kamili mchana. Asiyeingia, anangoja mwaka mwingine.

Na Papa yetu alikwisha kusema: mwaka mwingine wa nyumbani hautakuwa wa vitabu, utakuwa wa kuanika ndagala.

Ijumaa saa tano nilikuwa darasani, katikati ya kemia, nikiwa nimelala kwa heshima. Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Papa Patrice, mkurugenzi wa nidhamu, mtu mwenye viatu vinavyosikika kabla yake.

"Kisimba! Weye njo unajisifia interna nzima ya kama unajua ordinatere?"

"Kidogo tu, Papa."

"Leo kidogo hakuna. Simama."

Sekretaria nilimkuta Mama Générose ameshika kichwa kwa mikono miwili. Dorothée alikuwa amekaa kwenye benchi, karatasi yake ya kuzaliwa juu ya mapaja, anaipapasa kama vile ina homa.

"Jérémie, mwanangu, kuja hapa," Mama Générose alisema. "Hii mashine inanidharau. Tangu Jumanne nabonyeza programu ya majina, haifunguki. Nabonyeza mara mbili, mara tatu. Nimebonyeza mpaka kidole kimevimba. Tazama!"

Akanionyesha kidole. Kweli kilikuwa kimevimba.

"Na Furera anasema nini?"

"Furera? Tumemwambia azime na kuwasha, amezima na kuwasha mara tano. Anasema kule pia haifunguki. Anasema ameiombea."

Nikakaa. Dirisha la Lubumbashi lilikuwa wazi, limejaza skrini nzima, picha ndogo za programu zimepangwa vizuri kama askari. Nikabonyeza ya kwanza. Kimya. Nikabonyeza ya pili. Kimya.

Nikajaribu kukamata moja na kuivuta.

Haikusogea hata unywele mmoja.

Hapo nikaachia kipanya, maana ugonjwa ule niliujua. Niliujua vizuri mno.

"Umeona nini?" aliuliza Papa Patrice.

"Ni... ni kirusi kigumu, Papa."

"Utakiweza?"

"Nitakiweza. Lakini naomba mtoke wote."

"Tutoke? Weye ni daktari wa kupasua watu?"

"Papa, mtu akisimama nyuma yangu mkono unatetemeka."

Mama Générose akamshika mkono. "Tutoke, Papa Patrice. Saa inaenda. Muache mutoto afanye."

Dorothée alikuwa wa mwisho kutoka. Akainama sikioni kwangu.

"Mudogo yangu, ukifaulu, nguo zako nitakufulia mpaka mwisho wa mwaka."

Nikakazia macho skrini.

Mlango ulipofungwa nikafanya kazi bila kupepesa. Kitufe cha kulia cha kipanya juu ya pahali patupu. Menyu ikafunguka. Mstari wa kwanza. Mstari wa mwisho. Tayari!

Picha zote za programu zikatetemeka kidogo. Nikabonyeza ile ya majina.

Ikafunguka.

Wale wawili wa kwanza niliwaingiza huku nikitazama karatasi ya ukutani, Q kwa A, A kwa Q, kama mtu anayetembea kinyumenyume. Kila jina niliwinda kitufe cha kuhifadhi chini ya dirisha: vuta mstari, mwingine ukimbie, mshale ulale, mshale uruke. Jina moja lilinila dakika saba. Nililaani kwa sauti, na sitaandika hapa nilivyolaani, kwa sababu mama yangu anaweza kusoma.

Saa sita kasoro kumi nikafungua ukurasa wa tatu. Sanduku la jina likawa tupu, kijistari kinapepesa. Nikanyoosha vidole niandike jina la dada yangu.

Na sanduku likaanza kujiandika.

K. I. J. A. N. A.

Nikaondoa mikono kwenye klaviye. Nikaiinua hewani kabisa, kama mtu aliyekamatwa na polisi.

UMEJUAJE PA KUBONYEZA?

Nikafuta haraka. Herufi zikarudi.

USIFUTE.

Moyo wangu ukasimama, ukafikiri, ukaendelea. Nikakamata kipanya nivute mshale. Mshale ukavutwa upande wa pili. Nikavuta kushoto, ukaenda kulia. Mtu alikuwa ameushika mwisho mwingine kama tunavyogombania kamba.

Ndipo nikaelewa. Dirisha lile lililolaaniwa lilikuwa linaonekana pande zote mbili. Furera Prospère alikuwa amekaa mbele ya mashine yake Lubumbashi, mikono mapajani, anatazama. Mzee hajui ordinatere, lakini amesimamia mitihani miaka arobaini. Watu wote tangu Jumanne walikuwa wanatangatanga na mshale ule kama kuku gizani. Yeye ameuona mshale mmoja tu unaokwenda moja kwa moja kwenye dawa, bila kutafuta.

Kwa hofu nikaisahau karatasi ya ukutani. Nikaandika: Samahani Furera.

Ikatoka: Sq;qhqni Furerq.

Mzee akajibu:

HICHO SI KILATINI.

Na baadaye, herufi baada ya herufi:

ITA MAMA GÉNÉROSE. SEMA. NDIPO NITAACHIA.

Saa ya skrini ilionyesha saa sita kasoro dakika saba.

Nilifikiria kuzima kila kitu. Nilifikiria kuruka dirisha, la kweli, lile la mbao. Nikamfikiria Dorothée anaanika ndagala huko Zongwe kwa sababu yangu, na nzi wanamzunguka.

Nikaenda kufungua mlango.

"Imekubali?" Mama Générose aliuliza akiingia na Papa Patrice, uso wote umewaka.

Simu yake ikalia kabla sijajibu. Akaiweka kwenye sauti kubwa.

"Habari za huko, Mama Générose," Furera alisema. "Kuna kijana hapo ana neno. Asimame vizuri."

Wote wawili wakanigeukia. Nikasimama vizuri.

"Mama. Papa Patrice. Si kirusi."

"Njo nini?" Papa Patrice alisema.

"Njo mimi. Ni mimi niliyeifunga."

Nikasema yote, kwa haraka, maana saa ilikuwa inakula. Jumatatu nilipewa adhabu ya kufagia sekretaria. Mama Générose akatoka kutafuta chaki. Nikapiga picha ya skrini, nikaiweka iwe ndiyo sura ya nyuma, kisha nikazificha programu za kweli. Kilichobaki kilikuwa picha tu. Mtu anabonyeza picha. Ni sawasawa na kubisha hodi kwenye mlango uliochorwa ukutani.

"Na mtego huo ulikuwa wa kumnasa nani?" Furera aliuliza.

Nikatazama viatu.

"Papa Patrice. Kila Jumanne asubuhi anaandika orodha ya adhabu kwenye mashine hii."

Papa Patrice akakunja uso. "Lakini Jumanne niliandika vizuri. Sikuona kitu."

"Ndiyo, Papa. Hata mimi nilishangaa. Nilipita mbele ya dirisha mara sita nikusikie ukilia."

"Sasa?"

"Dirisha la Lubumbashi lilikuwa limefunguliwa, limejaza skrini yote. Nilidhani niko Kalemie. Kumbe mtego niliuweka kule."

"Kwa hiyo ulinilenga mimi," Papa Patrice alisema polepole.

"Ndiyo, Papa."

"Ukanikosa."

"Ndiyo, Papa."

"Kwa kilomita ngapi?"

"Mia sita na zaidi, Papa."

Mama Générose aligeukia ukuta, mabega yanatikisika. Sijui kama alikuwa analia au anacheka, na sikuthubutu kuuliza.

"Bon," Furera alisema kwenye simu. "Jina la huyo binti ni lipi?"

"Kisimba Dorothée!" tukapaza sauti wote watatu.

Jina likajiandika kwenye skrini, safi, bila Q hata moja. Tarehe ya kuzaliwa. Zongwe.

"Furera, sasa kitufe!" nilipiga kelele. "Kiko chini kabisa, uvute mstari wa pembeni, lakini ule wa pili, si ule wa kwanza..."

"Mstari gani? Kitufe kiko hapa mbele yangu, kikubwa kama sahani."

Akakibonyeza.

IMEHIFADHIWA. Saa sita kasoro dakika tatu.

Siku nne za kidole kuvimba, na kule kitufe kilikuwa kinamtazama mzee machoni! Kinyaa nilichokisikia wakati ule sijawahi kukisikia hata kwenye vyoo hivi ninavyofagia.

"Furera," nikauliza kwa sauti ndogo, "kama nisingesema, ungemuacha dada yangu akose mtihani?"

"Baada ya dakika moja zaidi ningemwandika mwenyewe. Lakini hilo hukulijua, na ndiyo maana ukaenda kufungua mlango."

Akakata simu.

Dorothée alikuwa amebaki nje kwenye veranda, anasali na macho yamefumbwa. Hakusikia kitu. Mama Générose alipomwita akaingia mbio, akaliona jina lake kwenye skrini, akanirukia shingoni mpaka tukagonga kabati.

"Mudogo yangu! Umeniokoa! Mimi nilikuwa nawaambia watu, Jérémie ni mutundu, lakini roho yake ni safi!"

Juu ya bega lake nilimwona Papa Patrice amekunja mikono. Aliinua kidevu tu: endelea.

Mbele ya Furera nilisema kwa woga. Mbele ya Papa Patrice nilisema kwa haraka. Mbele ya mtu aliyeahidi kunifulia nguo mpaka mwisho wa mwaka, nililiwinda neno la kuanzia kama nilivyowinda kile kitufe cha kuhifadhi.

Funzo, ndugu zangu: kabla hujamfanyia mtu mzaha, tazama kwanza uko kwenye skrini ya nani, na ni nani anayelala bila usingizi upande wa pili. Kama hujui, ondoa mkono.

Mimi sikuuondoa. Nikaitoa mikono ya dada yangu shingoni mwangu, mmoja mmoja, nikamtazama machoni.

"Dorothée," nikamwambia, "aliyekuwa amekufungia mlango ni mimi."